Seva mpya, kadi ya HBA na diski zisizoonekana

Ofisi yetu iko Malindi, hatua chache kutoka Barabara ya Lamu, na mimi ndiye wa seva, mtandao, printa na kila kinachochomekwa ukutani. Diski za ndani hazikututosha tena, ikaamuliwa data ihamie kwenye stoo ya pamoja ya diski iliyomo chumba hichohicho cha seva. Njia ya kufika kwenye stoo ni faiba chaneli, mtandao wa diski unaopita kwenye nyuzi za mwanga, na mlango wake upande wa seva ni kadi ya HBA (host bus adapter). Tulinunua ya QLogic, poti mbili, gigabiti 32 kila moja.

Kuichomeka si kazi. Zima seva, chomoa waya wa stima, gusa bati la kasha, iingize kadi kwenye nafasi ya PCIe ya njia nane. Hapo tu soma kitabu cha seva, kwa sababu kuna nafasi zenye urefu wa nane zilizoungwa njia nne. Kadi itaingia na itafanya kazi, lakini kasi itabanwa kimyakimya. Seva ilipowaka, `lspci`, amri ya kuorodhesha kadi zilizochomekwa, iliionyesha kadi na draiva yake ya qla2xxx ilikuwa imeshajipakia yenyewe. Mipangilio ya kuwasha seva kutoka kwenye stoo niliiacha imezimwa, maana mfumo wetu unawaka kwa diski za ndani.

Kilichonila muda ni taa. Poti moja iliwaka, ya pili kiza. Ndani ya `/sys/class/fc_host` kila poti ina faili la `port_state`: moja lilisema Online, la pili Linkdown. Nikaanza na kebo. Pwani hii vumbi na unyevu wa chumvi havina adabu, kwa hiyo ncha za faiba nilizisafisha kwa kalamu yake maalumu. Usichungulie ndani ya ncha hata kidogo. Mwanga wake ni wa nanomita 850, jicho haliuoni lakini upo. Nikabadilisha nafasi za nyuzi mbili, wa kutuma ukae wa kupokea. Kiza bado.

Jibu lilikuwa kwenye swichi. Kati ya seva na stoo tuna swichi mbili kuukuu za gigabiti 8, ila poti niliyochomeka kwenye swichi ya pili ilikuwa na moduli, kile kipande kinachopokea ncha ya faiba, ya gigabiti 4. Kadi ya 32 hushuka hadi 16, ikashuka hadi 8, basi. Kwa 4 haisemi nayo kabisa. Nilihamishia kebo kwenye poti yenye moduli ya 8, taa ikawaka kabla sijainua mkono. Ukinunua kadi mpya kwa swichi ya zamani, soma kibandiko cha moduli kabla ya kuilaumu kadi.

Baada ya hapo ni utambulisho. Kila poti ya HBA ina jina lake la WWPN, tarakimu kumi na sita za heksadesimali, na linasomwa kwenye faili la `port_name`. Za kwetu zinaanza na 21:00:00:24:ff, kama kadi nyingi za QLogic. Mwenzangu anayesimamia swichi na stoo yuko Mombasa, na siku hiyo intaneti yetu ilikuwa inakatikakatika, ikabidi nimsomee kwa simu.

“Kaka, nipe polepole. Hiyo ni B au D?”

“D ya Dabaso. Halafu F ya Faza, F ya Faza tena.”

“Na hiyo ya mwisho?”

“E ya Eldoret.”

“Sawa. Sasa nirudishie ya poti ya pili, ndugu yangu, usinipe ya kwanza mara mbili.”

Alifungua zoni, yaani orodha ya poti zinazoruhusiwa kuonana, moja kwenye kila swichi: ndani yake poti moja ya seva yetu na poti za stoo, pasi na seva nyingine. Mimi naupenda utaratibu huo hata kama una maandishi mengi, kwa sababu seva moja ikianza vurugu, jirani zake hawasikii. Nikaamuru kadi itafute upya, `echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host7/scan`, hakuna diski. Zoni ni kupita mlango wa harusi. Sahani ya pilau ni habari nyingine. Stoo nayo lazima iandikiwe kwamba LUN fulani, yaani diski iliyokatwa ndani ya stoo, ni ya WWPN hizi. Alipomaliza kuandika, nikatafuta tena, `lsblk`, amri ya kuorodhesha diski, ikatoa sdb, sdc, sdd na sde, zote ukubwa mmoja.

“Tumepewa nne!” akasema kijana anayejifunza kazi kwetu.

“Moja, bwana mdogo. Inaonekana kwa njia nne.”

Poti mbili za kadi, kila moja inafikia poti mbili za stoo. Ukiiumbiza sdb moja kwa moja, siku njia hiyo ikikatika na data inakatika nayo. Nikawasha multipath, inayokusanya njia zote kuwa diski moja, kwa `mpathconf --enable`, nikaanzisha huduma yake, na `multipath -ll` ikaonyesha diski moja, mpatha, yenye njia mbili za kipaumbele 50 na mbili za 10. Za 50 zinapita kwenye kidhibiti cha stoo kinachoimiliki diski hiyo. Mfumo wa mafaili niliuweka juu ya `/dev/mapper/mpatha`.

Kabla ya kuhamisha chochote cha maana, nilianza kunakili faili kubwa, kisha nikachomoa kebo moja. Kunakili kulisita kidogo, kukaendelea. Niliirudisha, nikasubiri njia zake zirudi hai, nikachomoa ya pili. Vilevile.

Kilichobaki ni stima, ambayo hapa ikipotea haiagi. Seva huwaka haraka kuliko stoo, na isipoikuta diski inaweza kukwama katikati ya kuwaka. Kwenye `/etc/fstab`, faili la diski za kufunguliwa seva ikiwaka, nikaongeza `nofail` ili isikwame diski ikikosekana, na mlangoni nikabandika karatasi ya mpangilio kwa askari wa usiku: swichi kwanza, kisha stoo, usiguse seva mpaka taa za stoo zote ziwe kijani.