Taa za kiwanja cha Jericho: balbu ilale au ining'inie?

Vyuma vya kushikia taa vimetoka Kamukunji na vimekaa sawa. Hiyo ndiyo habari kubwa ya wiki hii. Kazi nyingine kwenye kiwanja chetu cha basketboli hapa Jericho, Nairobi, ilikuwa imekwama hapo tu, kwani nilishasema hakuna taa itakayopanda mpaka balbu yake ikae vile ilivyoundwa kukaa.

Taa ni za metali halaidi, wati 400, tulizopewa na ghala moja la Industrial Area lililohamia LED. Ziko aina mbili: zile kengele kubwa za darini, ambazo balbu yake inaning'inia holda ikiwa juu, na zile za sanduku lenye kioo mbele, ambamo balbu imelala kutoka upande huu hadi ule. Mtaani wengi walitaka zote zifungwe nguzoni na kuinamishwa kuelekea uwanjani, yaishe. Nilikataa.

Ndani ya kila balbu kuna kimrija cha kwatzi, kioo kinachostahimili joto kali, chenye zebaki, gesi ya agoni na chumvi za iodaidi, mara nyingi za sodiamu na skandiamu. Umeme ukiruka kati ya ncha zake mbili hufanya tao la mwanga, na gesi ya moto, popote ilipo, hupanda. Mrija ukiwa wima, tao hunyooka katikati, mbali na kuta. Ukilala, tao hupinda kwenda juu na kuukaribia ukuta wa juu. Hapo kwatzi hupata joto kupita kiasi, huanza kupoteza uangavu na kuvimba, na sodiamu hupotea kidogo kidogo kupitia ukutani. Chumvi ambayo haijageuka mvuke nayo hutuama mahali penye joto dogo zaidi ndani ya mrija, na joto la mahali hapo ndilo linaloamua rangi na wingi wa mwanga. Ukibadilisha mkao wa balbu, umebadilisha yote hayo.

Katika balbu kuukuu tulizopewa kuna moja ambayo mrija wake umekuwa mweupe kama maziwa upande mmoja na kutuna kidogo, ilhali upande wa pili bado ukitazama unaona hadi nyuma. Hata usipoambiwa, utajua ilikuwa imelala, na upande upi ulikuwa juu.

Basi kabla ya kufunga, soma alama. Balbu za Ulaya hutumia herufi: h ni ya kuning'inia, s ni ya kusimama holda ikiwa chini, p ni ya kulala. Nambari inayofuata ni digrii unazoruhusiwa kuinamisha, kwa hiyo p20 isizidi digrii 20 kutoka mlalo. Za Marekani huandikwa BU, holda juu, au HOR, mlalo. Nyingine huandikwa U, yaani mkao wowote, na hapo ndipo watu hujisahau: inaruhusiwa mkao wowote, lakini haidumu sawa katika kila mkao. Balbu nyingi za U za wati 400 katika katalogi za Marekani hupewa saa 20,000 zikiwa wima na 15,000 zikilala. Kwa saa tatu kila jioni, tofauti hiyo ni zaidi ya miaka 4. Tena hesabu zenyewe hudhani taa inawaka kwa muda wa saa 10 kila inapowashwa, na kuwasha mara kwa mara huichosha balbu, kwa hiyo sisi wa saa tatu tatu hatutafika huko.

Ile ya sanduku ukiiinamisha mbele, balbu huzunguka tu mahali pake na kubaki imelala. Ikifungwa kwa ubavu ili kubana nafasi nguzoni, balbu inasimama wima, na hiyo ya p imeshaharibiwa. Kengele nayo ukiiinamisha, balbu inainama pamoja nayo. Kwa hiyo kengele zitaning'inia wima kwenye mikono ya bomba inayotokeza juu ya ukingo wa uwanja, na masanduku yatakaa pembeni.

Fundi aliyekunja vyuma aliuliza, "Kijana, kwani balbu ina juu na chini?" Nikamwonyesha ile yenye weupe. Akaigeuza mkononi, kisha akasema, "Sawa, basi mkono nitauongezea tegemeo, usije ukalegea na uzito wa choki," ile koili nzito inayodhibiti umeme wa balbu. Wazo zuri kuliko langu, Mzee ameokoa kazi.

Jumamosi, mvua ikikubali, tunapandisha mikono miwili ya upande wa barabara. Pimamaji inapanda na fundi, maana mkono ukilala vibaya taa nayo inafuata. Na wachezaji waelewe mapema: taa zikiwashwa saa kumi na mbili na nusu jioni, hazizimwi mapumzikoni. Balbu ya moto haiwaki tena mpaka ipoe, na hiyo huweza kuchukua dakika 10 hadi 20.