Miaka 18 ya randa

Nipo Tabora tangu Alhamisi. Mahari ya Rehema imepokelewa, wakwe wamekula wakaondoka wanaimba, ofisini wametoa orodha ya uhamisho na jina langu halimo. Hayo nitayaandika nikitulia. Kilichoniamsha saa tisa usiku ni sentensi moja ya Baba, aliyoisema bila hata kuniangalia.

"Kwa hiyo karakana haikumfundisha kitu?"

Basi. Akaomba chumvi.

Wageni walishaondoka. Uani tulibaki mimi, Baba, mdogo wake shemeji mtarajiwa, kijana wa chuo aliyekuwa anasubiri bodaboda, na Mzee Salum. Mzee Salum mnamjua, jirani yetu Mwislamu wa jumuiya ya Ahmadiyya, yule wa kuku walioingia kanisani. Yeye na Baba wanabishana habari za Yesu tangu sijazaliwa, na hakuna aliyemsogeza mwenzake hata hatua moja. Ana Kurani ya Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad, ile iliyotoka mwaka 1953, ameivalisha jalada la karatasi ya kalenda. Jana akaanza tena: Isa hakufia msalabani, alishushwa akiwa hai, akatibiwa majeraha, akashika njia ya mashariki kuyatafuta makabila ya Israeli yaliyopotea, akafa mzee huko Kashmir, milimani kaskazini mwa India. Kaburi lipo Srinagar, mtaa wa Khanyar, jengo linaitwa Rozabal. Ndivyo alivyofundisha Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, mwanzilishi wa jumuiya yao.

"Salum, kula nyama," Baba akasema, kama kawaida yake.

Hapo ndipo nilipoona nafasi yangu. Angekuwepo mwenye kunikanyaga mguu chini ya meza, leo nisingekuwa naandika.

Nikamwambia Mzee Salum kwamba safari yake ni ya baada ya msalaba, na ipo nyingine ya kabla. Injili ya Luka inamwacha Yesu hekaluni ana miaka 12, inakuja kutuambia umri wake tena akiwa amekaribia 30. Katikati hapo kuna kama miaka 18 ambayo haikuandikwa, na watu wameijaza wanavyotaka. Mwaka 1894 Mrusi mmoja, Nicolas Notovitch, alichapisha kitabu Paris akidai kwamba alivunjika mguu kule Ladakh, jirani na Kashmir, akauguzwa katika monasteri ya Hemis, na lama mkuu, yaani mtawa mkuu wa Kibuddha, akamsomea hati za maisha ya mtakatifu aitwaye Issa. Issa huyu alipofika miaka 13, umri wa kuozeshwa, akatoroka na wafanyabiashara mpaka Sindh, India ya zamani. Kijana wa chuo akacheka sana hapo, siku yenyewe ikiwa ya mahari, na mimi nikanogewa. Issa akasoma Veda, maandiko ya Wahindu, kwa makuhani wao Wabrahmani huko Jagannath na Benares, akagombana nao kwa kuwafundisha Washudra, watu wa tabaka la chini, akakimbilia milimani kwa Wabuddha, akarudi kwao na miaka 29.

Sikuishia hapo. Nikaeleza jinsi Max Müller, msomi wa maandiko ya India kule Oxford, alivyoikataa habari hiyo mwaka uleule, na jinsi mwalimu mmoja wa Agra, J. Archibald Douglas, alivyopanda mwenyewe mpaka Hemis mwaka 1895, na lama mkuu akamwambia hajawahi kusikia maandishi ya namna hiyo. Lakini 1922 akaenda mtawa wa Kihindu, Swami Abhedananda, akarudi anasema ameonyeshwa hati. Nikaruka mpaka Uingereza, kwa Yusufu wa Arimathaya anayedaiwa kuwa mfanyabiashara wa bati aliyempandisha kijana Yesu merikebu hadi Cornwall na Glastonbury. Nikamalizia Japani, kijiji cha Shingo, ambako wanakuonyesha kaburi na kukwambia kwamba aliyesulubiwa ni mdogo wake, Isukiri, na mwenyewe akarudi kwao Shingo, akaoa, akalima, akafa na miaka 106. Hiyo nayo ilizuka 1935.

Kisha nikahitimisha, kwa ile sauti yangu ya vikao vya ukaguzi: "Watu wanaona haiwezekani mtu akae Nazareti miaka yote hiyo anachonga mbao, halafu atoke na hekima ile. Lazima alisoma mahali."

"Kwa hiyo karakana haikumfundisha kitu?"

Nilisema "watu wanaona". Sikusema "mimi naona". Nimejitetea hivyo usiku kucha, kitandani, kwenye chumba kile kile ambacho ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa karakana. Wasomaji wa zamani mnajua Baba ni seremala. Vitanda vya mninga vya nusu ya mtaa huu vimetoka mikononi mwake. Mnajua pia kwamba nilishika randa tangu darasa la tano mpaka nilipomaliza kidato cha sita, nikaondoka, na likizo zangu zikawa fupi, kisha zikawa za sikukuu tu. Baba hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana nimelala na hii sentensi kama mtu aliyelalia msumari.

Nimeisikiliza kwa kila sauti. Ukiweka mkazo kwenye "kwa hiyo", ni hasira. Ukiuweka kwenye "karakana", ni huzuni. Ukiweka kwenye "kitu", hapo sasa ni mimi ninayeulizwa, wala si Yesu. Na ile chumvi: aliomba upesi kwa sababu hakutaka jibu, au kwa sababu nyama ilikuwa haina chumvi? (Haikuwa nayo. Mama alikuwa anakimbizana na wakwe.)

Nikawasha tochi ya simu nikafungua Biblia ya Mama. Marko sura ya sita, Yesu amerudi kwao, anafundisha katika sinagogi, na watu wa mtaani kwake wanashangaa: "Huyu ameyapata wapi haya?" Halafu wanaendelea, huyu si yule seremala? Nimesoma mistari hiyo tangu utoto na sikuwahi kuona kwamba ndilo swali lile lile la Notovitch. Ila wale wa Nazareti walimjua. Kama fundi wao angepotea miaka 16, akarudi na ngozi iliyochomwa na jua la Sindh, kusingekuwa na cha kushangaa. Angejibiwa na mama muuza samaki wa kwanza: si alikuwa India huyo! Walishangaa kwa sababu hakwenda popote. Walikuwa wamekalia viti alivyotengeneza.

Hilo lingekuwa jibu zuri la kutoa uani. Limekuja saa kumi kasoro usiku, nikiwa na tochi mdomoni.

Asubuhi nikamkuta Baba amekaa mlangoni, msumeno umebanwa kwenye jiliwa, anaunoa kwa tupa. Nikasimama kwenye maranda mpaka akaniona.

"Baba, jana nilisema vibaya."

"Ulisema nini?"

"Ile ya karakana. Uliniuliza kama karakana haikumfundisha kitu."

Akapuliza unga wa chuma kwenye meno ya msumeno. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Mimi nilikuwa nataka chumvi."

Sijui kama alisahau kweli au ananifichia aibu. Nimemtazama yule mzee miaka 38 na bado sijui. Lakini nilianza kucheka, naye akacheka kwa kuwa mimi nacheka, na kile kitu kilichonikaa kooni tangu usiku kikateremka.

Nikavuta kigoda. Ni kile nilichokitengeneza mwenyewe nikiwa kidato cha pili, mguu mmoja mfupi. Mama hukiwekea kadibodi chini jikoni, na Baba hajawahi kukirekebisha ingawa ingemchukua dakika tano. Nikamwambia kwamba kuna wataalamu wasiomsafirisha Yesu mbali. Karibu na Nazareti, kama kilomita sita tu, palikuwa na mji unaitwa Sepphoris, uliobomolewa na Warumi alipokufa Herode Mkuu, na mwanawe Herode Antipa akaujenga upya wakati Yesu bado kijana. Wanakisia kwamba Yusufu na mwanawe walikwenda huko kufanya kazi, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Hata lile neno la Kigiriki tunalolitafsiri seremala linaweza kuwa fundi wa ujenzi, wa mbao au wa mawe.

Baba akaacha kunoa.

"Kwa hiyo tenda ya serikali."

"Ndiyo, ya Herode."

"Walilipwa?"

Nikasema haijaandikwa.

"Basi hawakulipwa," akasema, na akarudi kwenye msumeno. Hapa inabidi mkumbuke yale madawati 60 ya shule ambayo Baba anadai malipo yake mpaka leo. Mimi mkaguzi wa hesabu nimekaa kimya kwenye kigoda kibovu.

Baadaye kidogo akasema, kama anayeongea na mbao, kwamba kusafiri nako si elimu peke yake. Babu wa babu yake alitembea na msafara kutoka hapa mpaka Bagamoyo, pembe ya ndovu begani, zaidi ya mara moja, na hakuna aliyeandika jina lake. Aliporudi alikuwa mlevi yule yule. Hii habari ya ulevi sikuwahi kuisikia. Nyumbani siku zote tunasimuliwa habari za pembe tu.

Nilikuwa nanyanyuka kwenda kunywa chai akaniita.

"Yule wa Japani. Ulisema alilima. Alilima nini?"

"Wengine wanasema mpunga, wengine kitunguu saumu."

"Kitunguu saumu!" Akaiweka tupa chini kabisa. "Miaka 106! Lazima nimwambie Salum."

Na amekwenda. Naandika hapa barazani nikiwasikia upande wa pili wa ua wakicheka, wazee wawili, sauti ya Mzee Salum ikijaribu kumrudisha Kashmir.

Sasa hivi tu nimekumbuka kitu. Jumatano usiku kule Dodoma maji yalikuwa yamekatika. Nilifungua bomba la jikoni kujaribu, likakoroma, nikaendelea kufunga begi. Sikumbuki kama nililifunga. Chini ya sinki nimeweka mchele na ule mfuko wa vyeti. Ufunguo wa akiba anao mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba yuko msibani Singida, simu haipokelewi.