Siku ya asamble: nilivyoshinda nahesabu kura za wenye hisa, Lubumbashi

Watu wananiulizaka kazi ya sekretere mu kabinet ya sheria ni nini, wengine wanawaza ni kupiga mashini na kupokea simu tu. Basi leo nawaandikia siku moja nzima, siku ya asamble, mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni moja ndogo ya umeme yenye tunaifanyia kazi. Jina ya kampuni sitaandika.

Saa 11 na nusu asubuhi. Mwezi wa 6 hapa Lubumbashi baridi inauma, unaamka vidole havikunji. Umeme hakuna, delestaje tangu jana jioni, lakini kompyuta nilishaichaji ku biro mbele ya kutoka. Nawasha mbabula, naweka maji, huku nachungulia makaratasi na mwanga wa simu. Kwa nini mwezi wa 6? Juu nchi yetu iliingia mu OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na sheria yake inasema mkutano mkuu wa kawaida ufanyike ndani ya miezi 6 kisha kufunga hesabu, na hesabu zinafungwa tarehe 31 mwezi wa 12. Kwa hiyo wateja wetu wote wanatuangukia mara moja, ni mikutano juu ya mikutano mpaka tarehe 30.

Saa 1 na nusu niko mu basi, natoka Katuba naenda mjini. Jirani yangu mu kiti ananiuliza niko nabeba nini, namwambia makaratasi ya kura, anashangaa, kura ya nini tena? Namwelezea. Ukilipa SNEL, kampuni ya umeme ya Serikali, wewe ni mteja tu, mwenye hisa ni mmoja, Serikali, hakuna mtu wa Katuba ataitwa kupiga kura. Lakini sheria ya umeme ya mwaka 2014 ilifungulia watu binafsi mlango, na hii kampuni yetu ilipoanza iliuza hisa kwa wakaaji wenyewe, walimu, wamama wa soko, wazee wenye walipata pesa ya pansheni. Hao njo wenye kampuni pia. Hiyo neno napenda kuirudilia juu wengi wao hawaiamini.

Saa 2 biro. Nafungua fardi ya prokirasio, ni zile karatasi zenye mtu asiyeweza kufika anampa mwengine ruhusa ya kumpigia kura. Mialiko ilitoka siku 15 mbele kama sheria inavyotaka, na ndani ya hizo siku 15 kila mwenye hisa ana haki ya kuja kusoma hesabu, ripoti na maazimio yenye yatapigiwa kura. Walikuja watu 3. Fardi iko palepale ku meza yangu, na chai ningewapa.

Karatasi ya saba inanisimamisha. Ni ya mama mmoja wa Kamalondo, hisa 120. Jina ameandika vizuri na wino ya buluu, sahihi iko, pembeni kuna alama ya kidole chenye mafuta, nafikiri alikuwa anakaanga mikate. Lakini tarehe hakuna, na fasi ya jina ya mwenye atamwakilisha iko wazi. Vile haiwezi kupita. Nampigia simu.

“Jambo mama, umeamka muzuri?”

“Minaamuka muzuri mwanangu. Kuko nini?”

“Mama, ku prokirasio yako aukutia tarehe, na jina ya mwenye atakupigia kura aiko.”

Ananyamaza kidogo. “Njo banataka kuitupa?”

“Apana mama, mbele ya saa ine tunaweza kuitengeneza.”

Saa 3 na dakika kumi kijana wake anapita na motari, anachukua karatasi, saa 3 na nusu amesharudisha, tarehe iko, jina iko: mwalimu mmoja wa Ruashi mwenye ameshapewa prokirasio za watu wengine sita. Mama alikumbuka hata kuandika hisa 120 kwa maneno chini ya tarakimu. Nimeiweka juu ya zote.

Saa 4 salle, ukumbi wa mkutano. Nakaa mlangoni na orodha ya mahudhurio, kila mtu anasaini mbele ya hesabu ya hisa zake, mzee mmoja anaomba nimwekee rula chini ya mstari ili asikosee fasi. Waliofika ni watu 41. Hisa za kampuni ni 10,000, zenye zimefika ama zimewakilishwa ni 6,400, na akidi, ni hisa za chini zenye lazima zifike ili mkutano uanze, mara ya kwanza ni robo tu, 2,500, kwa hiyo tunaanza. Na hata robo ingekosekana, kuitwa mara ya pili hakuna akidi tena, mkutano wa kawaida unapita na wenye wako. Kuna watu wanabaki nyumbani wakiwaza wamezuia kitu. Hawazuii.

Ripoti ya mkaguzi wa hesabu inasomwa, hesabu zinapitishwa bila matata.

Saa 6 njo tunafika ku azimio la nne, faida. Sehemu moja ya kumi inaenda kwanza mu akiba ya sheria, hiyo hakuna mjadala, mpaka akiba ifike moja ya tano ya mtaji. Yenye inabaki, baraza linataka yote igawanywe kwa wenye hisa. Mwalimu wa Ruashi anasimama, anasema transfo, mashini ya kugawa umeme ya mtaa wao, inazidiwa kila jioni wakati watu wanapika, waache nusu ya pesa wanunue ingine. Mwenye hisa mkubwa anamjibu kwa heshima kwamba yeye aliweka pesa miaka sita hajaona hata franka. Ana haki ya kusema vile. Lakini mimi transfo inaniumiza zaidi, juu ikiungua, gawio la mwaka unaokuja litatoka wapi?

Kura za karatasi. Wahesabu kura ni wenye hisa wawili wenye wako na nyingi kupita wengine, sheria njo inataka hivyo, mimi nakaa kati yao naandika. Wa kwanza anafungua karatasi, anasoma kwa sauti, wa pili anarudilia. Ndiyo 3,700. Hapana 2,430. Nyeupe 270, hizo hazihesabiwi. Imepita.

Mu salle watu wanaguna, juu kwa macho ya kila mtu wenye walisema hapana walikuwa wengi. Kwa vichwa ni kweli. Lakini kura ni kwa hisa, na mtu mmoja akiwa na 2,600 anasimama peke yake kama kijiji.

Nikabaki na kalamu. 10,000 toa 6,400. Hisa 3,600 hazikufika wala hazikutuma karatasi, na tofauti ilikuwa 1,270. Nilipiga ile hesabu mara mbili pembeni ya daftari. Na karibu zote ni za wadogo wadogo, 40, 75, 110, nawajua kwa majina, mialiko nilibandika mimi mwenyewe.

Saa 9 nakula bukari na kapenta haraka haraka. Kisha PV, ni ripoti ya mkutano: siku, fasi, akidi, kila azimio na kura zake, na muhtasari wa mijadala. Maneno ya transfo ya mwalimu nimeyaandika yote, mistari minne, mwaka unaokuja mtu asiseme haikusemwa. Naongeza tarehe ya mwisho ya kulipa gawio, 30 mwezi wa 9, juu sheria inatoa miezi 9 kisha kufunga hesabu.

Saa 12 jioni niko njiani, mama wa Kamalondo anapiga.

“Kura yangu iliandikwa?”

“Iliandikwa mama, 120, hapana. Lakini tulishindwa.”

“Tulishindwa na ngapi?”

Namwambia. Namwambia na zile 3,600.

“Mu avenue yetu,” anasema, “minajua bantu munane benye beko na hisa, na akuna mwenye alituma. Zile karatasi za prokirasio uko nazo ingine?”

Ninazo. Atapita kuzichukua siku ya tatu, akitoka soko.