Baiskeli Tatu Nyuma ya Pikapu, Kutoka Dar es Salaam Hadi Lushoto

Mwenye basi akikuambia kwamba baiskeli ni mzigo kama mizigo mingine, elewa kwamba italazwa ndani ya buti, ipandiwe na magunia ya mchele na mabegi ya abiria, na kwamba nauli yake itapangwa baada ya utingo kukutazama usoni na kuukadiria mfuko wako. Kwa sababu hiyo, mimi na wenzangu wawili, tulipoazimia kwenda kuendesha baiskeli za milimani katika Usambara, tuliona heri tukodi pikapu ya dabo kabini pamoja na dereva wake, ili mali zetu zisafiri mbele ya macho yetu.

Mwenye pikapu alitutajia bei ya gari, kisha akaongeza posho ya dereva, na tulipokwisha kutoa malipo ya awali akaongeza shilingi 30,000 za kile alichokiita huduma ya kufunga mzigo. Tulinung'unika, lakini alitufungulia mlango wa nyuma na kutuonyesha pete nne za chuma ndani ya bodi, moja katika kila pembe, zikiwa zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, akasema amekwisha kubeba majokofu na hata mashine ya kusaga kwa pete hizo hizo na hakuna kilichowahi kuanguka.

Bodi ya dabo kabini ina urefu wa kama mita moja na nusu, ilhali baiskeli ya milimani yenye rimu za inchi 29 hukaribia mita 1.9 kutoka tairi hadi tairi. Haiwezi kuingia yote. Usukani wake nao una upana wa sentimita 75 hadi 80, kwa hiyo mbili zikisimama bega kwa bega zinaanza kugombana kabla gari halijaondoka. Kijana wa kufunga mzigo aliitatua hesabu hiyo kwa njia inayojulikana na wengi: alikunja sponji la godoro juu ya ukingo wa mlango wa nyuma, akaziegemeza fremu hapo, magurudumu ya mbele yakaning'inia nje, akapitisha mikanda miwili ya kukaza juu ya baiskeli zote na kuinasa kwenye zile pete. Njia yenyewe si mbaya, kwani watu huitumia duniani kote na baiskeli zao hufika salama. Ubaya wote ulikuwa kwenye pete.

Tulipita njia ya Bagamoyo na Msata, tukavuka Wami, na asubuhi ilikuwa nzuri. Tulipokaribia Mkata tulikutana na rasta, zile nundu ndogo zinazowekwa barabarani kwa mafungu ili kumwamsha dereva kabla ya kijiji, na dereva wetu, ambaye alikuwa akisimulia habari za shemeji yake, alizipita kwa mwendo uleule. Gari lilitetemeka hadi meno yakagongana. Muda mfupi baadaye bodaboda mmoja alitufukuza akipiga honi na kunyoosha mkono kuelekea nyuma ya gari, tukasimama.

Pete ya pembe ya kushoto ilikuwa imeng'oka na kipande cha bati lake. Nilipoinama niliona kwamba haikuwa imefungwa kwa boliti wala kuchomelewa kwenye fremu ya gari; ilishikizwa kwa matone mawili ya kuchomelea juu ya bati jembamba la bodi, kisha ikafunikwa kwa rangi ile ya kuvutia. Mkanda ulikuwa umelegea, baiskeli zote tatu zimelalia upande mmoja, na pedeli ya baiskeli ya mwenzangu imepenya katikati ya spoki za gurudumu langu la nyuma na kuzipinda mbili. Kilichonisikitisha zaidi ni fremu ya yule mwenzetu wa tatu. Vumbi lilikuwa limeingia kati ya mkanda na fremu, na kwa saa chache tu za mtikisiko likageuka msasa: rangi ilikuwa imekwisha kabisa mahali penye ukubwa wa sarafu, na alumini inang'aa.

Dereva alimpigia simu mwenye gari. Jibu lilikuja kwa sauti kubwa kiasi kwamba sote tulilisikia: tulikuwa tumepakia mzigo mzito kuliko uwezo wa pete. Baiskeli tatu zile, zote kwa pamoja, hazifiki hata uzito wa gunia moja la mahindi, na mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa amejisifia mashine ya kusaga.

Tulinunua kamba ya nailoni dukani, tukafunga kama tulivyoweza, na kila baada ya kilomita chache tukawa tunasimama kuikaza upya, kwa maana nailoni hutanuka inapovutwa. Korogwe trafiki alitusimamisha, akazunguka nyuma ya gari taratibu, akauliza namba ya gari iko wapi. Alikuwa na haki. Magurudumu yaliyoning'inia yalikuwa yameziba kibao cha namba chote na taa moja ya breki, na katika barabara ile yenye malori mengi, anayekufuata asipoiona taa yako ya breki mnaweza kukutana vibaya. Alituacha kwa onyo, akitutaka turekebishe kabla ya kupanda mlima.

Mombo ndipo barabara ya Lushoto inapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kwa kilomita zipatazo 33 hujikunja kando ya korongo, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, hadi Soni na kisha Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuna aliyetaka kuipanda na mzigo ule unaoyumba. Muuza machungwa mmoja alituelekeza kwa fundi baiskeli mwenye kibanda chake nyuma ya stendi, mzee wa Kisambaa mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na kuanzia hapo safari yetu ilisimama kwa muda mrefu ambao sijutii hata dakika yake moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nani aliyewafungia hivi?"

Tukamwambia kwamba tulilipa shilingi 30,000. Hakusema neno. Alishika tandiko la baiskeli yangu akalitikisa, ikacheza huku na huku kama jino bovu. "Ukilitikisa tandiko," akasema, "gari zima litikisike. Kama baiskeli inatikisika na gari limetulia, hapo hujafunga, umefunika tu."

Alitoa mbao kuukuu ya mbili kwa sita iliyokuwa imebaki katika ujenzi, akaikata iingie kwa kubana katika upana wa bodi, nyuma tu ya kabini. Kisha akachukua kipande cha bomba la maji la chuma la nusu inchi, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini. Ekseli ya mbele ya baiskeli nyingi za milimani za siku hizi ni fimbo yenye unene wa milimita 15 inayopita ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na bomba la nusu inchi kwa ndani lina kama milimita 16. Ekseli hupita humo bila kugusa sana na bila kucheza sana. Alilichomoa gurudumu langu la mbele, akapima nafasi kati ya miguu miwili ya uma unaoshika gurudumu hilo kwa kijiti cha ufagio, akakata bomba kwa msumeno wa chuma likawa na urefu wa milimita 110 kamili, akalisugua ncha kwa tupa. Ya mwenzangu, ambayo ni ya miaka ya nyuma kidogo, aliipima kwa kijiti kingine na ikawa 100. Nilimwuliza kwa nini hakutumia kijiti kimoja. Akanijibu kwamba bomba likiwa refu uma hauingii, na likiwa fupi ukikaza ekseli utauvuta uma ujikunje kwa ndani, nawe utalia ukifika.

Kila kipande cha bomba alikibana juu ya mbao kwa vibano viwili vya chuma na skrubu nene, akaviweka kwa mshazari, kwa sababu hata ikitolewa gurudumu la mbele baiskeli bado huizidi bodi kidogo ikikaa wima, lakini ikilala mshazari mlango wa nyuma unafungika. Baiskeli ya kati aliigeuza ielekee nyuma, uma wake ukafungwa kwenye kipande kingine cha mbao karibu na mlango, na kwa hiyo sukani zikaacha kugombana. Pedeli zote alizifungua, akimkumbusha kijana wake kwamba ya kushoto hufunguka kinyume na skrubu nyingine. Upande wenye gia aliuelekeza mahali pasipo na kitu cha kuugonga. Mwisho, nikiwa nimedhani amemaliza, alichana boksi la juisi, akalikunja na kulichomeka kati ya pedi za breki za mbele, pale ilipokuwa imetoka diski, lile bamba la chuma la gurudumu linalobanwa na breki. Breki zetu ni za mafuta; mtu akibonyeza mkono wa breki wakati gurudumu halipo, pedi hukutana na hukubali kuachana kwa shida sana. Alisema alijifunza hilo kwa watalii waliokuwa wakiteremka na baiskeli zao kutoka Lushoto, kila mara mmoja wao akimletea breki zilizofumba.

Pete za ndani hakuzigusa hata tatu zilizobaki. Alikwenda kwenye ndoano za nje, zilizo chini ya kingo za bodi na ambazo zilitoka na gari kiwandani, akavuta kutoka hapo mipira mirefu iliyokatwa kutoka kwenye tyubu za malori. Dereva akauliza kwa nini asitumie kamba ya katani, na tupo katikati ya nchi ya mkonge. Mzee akacheka. Katani ni ngumu na inakwaruza rangi, akasema, tena ikilowa huko juu kwenye ukungu hujikaza, na ikikauka hulegea. Mpira unapovutwa hukumbuka ulikotoka.

Niliutazama ule mpira mweusi ukizungushwa chini ya fundo na kuvutwa kwa goti, nikamkumbuka baba yangu Shinyanga. Fundo lilikuwa lilelile. Kwetu baiskeli haijawahi kuwa mzigo; ndiyo inayobeba mkaa, pamba, madumu ya maji, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na mjini inabeba abiria kwa nauli. Phoenix ya baba, ile nyeusi yenye keria pana, ilikuwa na mipira miwili iliyoning'inia siku zote, na kabla ya kupakia gunia alikuwa akilikandamiza kwanza juu ya ekseli ya nyuma, maana mzigo ukikaa juu sana au nyuma sana gurudumu la mbele hunyanyuka. Angekuwepo Mombo siku ile angeuliza, kwa ukali, kwa nini watu watatu wazima wenye afya wamelipia gari kuzibeba baiskeli zinazokwenda vizuri. Na angeambiwa bei ya moja kati ya hizo asingekula siku hiyo. Sina hakika ningemjibu nini, isipokuwa kwamba baiskeli yake ilikwenda mahali pa kazi kila siku, na hizi zetu zinakwenda mahali ambapo hatuna kazi yoyote.

Magurudumu ya mbele yaliviringishwa kila moja katika kiroba chake na kuwekwa juu kabisa, diski ikitazama angani, kwani diski ina unene usiofika milimita mbili na ikilaliwa na kitu inapinda. Mnyororo wenye kufuli ulipitishwa ndani ya fremu zote tatu na kuzungushwa kwenye nguzo ya bodi. Mzee alitikisa tandiko, gari likatikisika. Kwa kazi yote hiyo, pamoja na mbao, bomba, mipira na kunyoosha spoki zangu mbili, alitutoza shilingi 25,000.

Alituagiza tusimame baada ya robo saa tukakague, kwa kuwa mzigo wowote hujikalisha mwanzoni, tukafanya hivyo kabla ya kufika Soni, tukakaza mpira mmoja tu. Malori ya kabichi yaliteremka yakitupita karibu kiasi cha kugusana vioo, na sikugeuka nyuma tena hadi Lushoto.

Siku za huko zilikuwa msitu wa Magamba, ukingo wa Irente ambapo nyika inaonekana chini ya miguu, njia ya matope kuelekea Mtae, na nyumba ya wageni iliyotutoza bei ya maji ya moto na kutupa maji baridi.

Tuliporudi Dar es Salaam mwenye gari alidai gharama ya pete. Tulibishana hadi jua likazama, tukamlipa nusu ili tupate kwenda. Kisha, alipoona tunafungua mbao ya mzee wa Mombo, akatukataza, akidai kwamba imekuwa sehemu ya gari na kwamba wateja wengine wataihitaji. Tuliifungua hivyohivyo, skrubu kwa skrubu, naye akihesabu kila moja. Bodaboda aliyeifikisha mbao hiyo nyumbani kwangu alitaka shilingi 5,000 kwa kuwa ni ndefu, akakubali 3,000.