Siku Niliyoambiwa Ninaumwa

Basi la usiku lilinishusha Nairobi saa kumi na moja alfajiri, Agosti 2011, nikiwa na shati la mikono mifupi, kikoi kimoja na makubadhi. Mtu wa Lamu huisikia tu habari ya baridi ya bara, haiamini mpaka imuingie kwenye mifupa. Utingo alinitazama nikishusha mfuko wangu, akacheka: "Mzee wa Pwani, koti umemwachia nani?" Mzee sikuwa, nilikuwa na miaka thelathini na minne, ila meno yaligongana kama ya ajuza.

Nilikuwa nimetumwa. Mwalimu aliyekuwa na skauti shuleni kwetu alihamishwa, na mkuu alipouliza mkutanoni ni nani atakayeichukua kazi ile, walimu wote waliinamia madaftari. Mimi nilichelewa kuinama. Miezi minane nikawaongoza Chipukizi, skauti wa umri mdogo, thelathini na wawili kwa firimbi na makelele, nikajiona hodari kwa sababu mistari yao ilinyooka. Kisha ikaja barua kwamba viongozi wasio na mafunzo waende Wood Badge, kozi ya viongozi wa skauti. Kwa asiyejua, kazi hii haina mshahara. Nauli ni yako, likizo ni yako, na mke wangu mpaka leo hajaelewa kwa nini mtu mzima mwenye kitanda chake aende kulala hemani.

Rowallan ni kambi ya skauti wa Kenya, iko Nairobi upande wa mtaa wa Jamhuri, na ukikaa kimya asubuhi unausikia mtaa wa Kibera ukiamka. Mikaratusi mirefu, umande, moshi wa kuni. Tulipangwa kwenye patroli, yaani vikundi vidogo, kwa mtindo wa Gilwell, lile shamba la nje ya London ambako Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alianzisha mafunzo haya Septemba 1919. Mtindo wenyewe ni huu: watu wazima wanafanywa watoto. Mnajipikia, mnalala hemani, mnaosha sufuria kwa majivu, na kila siku kiongozi wa patroli anabadilika, leo wewe, kesho mwenzio. Majina ya patroli ni ya ndege. Wengine wakawa Njiwa, wengine Kigogota. Mimi nikaangukia Bundi.

Kwetu bundi akilia juu ya paa, kuna nyumba haitalala usiku huo. Nilimfuata mkufunzi nikamuomba anihamishie kwa Njiwa.

"Bundi anaona gizani," alinijibu. "Itawafaa. Nyinyi mtapika usiku."

Nilidhani anatania.

Alikuwa mzee mwembamba, kaptura hata kwenye baridi ile, shanga nne za mti zikining'inia kifuani kwa ukanda wa ngozi. Mbili ni za aliyehitimu, tatu za mkufunzi msaidizi, nne za mkufunzi kamili. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikikulazimu unyamaze ndipo umsikie. Sisi walimu tumezoea kinyume chake.

Bundi tulikuwa sita: Padri wa Kitui, mama karani wa benki kutoka Kisumu, askari magereza asiyecheka, fundi cherehani wa Eldoret, mimi, na binti wa Nyeri aliyekuwa bado chuo kikuu, mdogo wetu sote. Siku ya pili tulipofundishwa alama za njiani, mzee alichora duara kwenye vumbi, akatia nukta katikati, akauliza maana yake. Binti akajibu kabla hajamaliza: nimekwenda nyumbani. Alikuwa akiiona tangu utotoni, kwenye jiwe la kaburi la Baden-Powell pale kwao, alikozikwa Januari 1941. Kila Februari skauti huja kwa mabasi, akasema, na watoto wa mji huuza njugu.

Usiku huo motoni tukaelezwa habari za shanga. Za kwanza zilitoka kwenye mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, mkufu mrefu ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka vita vya 1888. Padri akauliza kwa upole wake wa kanisani, "Alipewa, au alichukua?" Tukasikia kuni zikilia. Mzee akasema kwamba alipokuwa kijana aliambiwa alipewa, na alipozeeka akasoma kwamba vilikuwa vita, na mfalme mwenyewe Waingereza walimpeleka uhamishoni kisiwa cha Saint Helena. "Kwa hiyo mimi nazivaa nikijua," akamaliza. Nilimpenda kwa jibu lile. Wengi wangeanzisha wimbo.

Siku ya tatu uongozi wa Bundi ukamfikia binti. Kazi: kujenga jiko la kusimama, meza ya fito iliyofungwa kwa kamba, juu yake udongo, juu ya udongo mafiga na moto, mpishi apike bila kuinama. Baada ya chakula cha mchana tukagawiwa fito, panga, ndoo, na robota la kamba ya katani.

Hapa lazima nimtaje baba. Baba yangu alikuwa baharia wa majahazi yaliyobeba boriti za mikoko, na mimi nilijua kufunga kamba kabla sijajua kusoma. Henza na demani, zile kamba za tanga, na kamba ya nanga, kila moja na fundo lake. Hakuwahi kunieleza hata fundo moja. Alikuwa anakuja nyuma yangu, anauweka mkono wake juu ya mkono wangu, anauendesha, na nikikosea anaubana mpaka vidole vinaingia ganzi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na sikuwahi kufikiria kwamba kuna njia nyingine.

Binti alichukua fito mbili, akazipitanisha, akaanza kuzungusha kamba. Alianza vibaya. Hakuifunga kwanza kwenye fito ya kusimama, kwa hiyo kila mzunguko uliteremka. Nilivumilia mzunguko wa kwanza. Wa pili nikakohoa. Wa tatu nikasema, "Ngoja, ngoja dada, lete nione," na kamba ikawa mkononi mwangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. "Padri, shika hapa. Mama, nipe ile ndefu. Wewe, chimba." Mizunguko mitatu, mikazo miwili katikati, fundo, kata. Dakika arobaini jiko likasimama, miguu minne sawasawa kama meza ya seremala. Patroli ya Njiwa wakaja kutazama. Askari magereza akatabasamu, mara ya kwanza tangu tufike. Nikajisikia raha ambayo hata sasa nikiikumbuka nafurahi kidogo, kisha naona haya.

Mzee akaja. Akalizunguka jiko, akalitikisa, halafu akalikalia. Halikulia hata ufito mmoja.

"Hii ni kazi ya baharia," akasema.

"Ahsante, Mzee."

"Kiongozi wa patroli leo ni nani?"

Padri alininyooshea kidole. Akakishusha haraka, akamwonyesha binti, lakini kila mtu alikuwa ameshaona. Binti alikuwa amesimama pembeni na panga mkononi, hana la kukata.

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, wewe unaumwa."

"Siumwi, Mzee. Baridi tu."

"Unaumwa. Malaria. Umepelekwa zahanati, utarudi kesho asubuhi. Kitanda chako kile pale." Akaonyesha gogo chini ya mkaratusi, kama hatua ishirini. "Mgonjwa hasemi wala hanyanyuki. Halafu kuna habari nyingine mbaya, upepo umeangusha jiko."

Akatoa kisu, akazikata kamba zangu. Zote. Mguu mmoja, wa pili, wa tatu, na meza ikaporomoka. Mtoto wa baharia anielewe hapa: kamba hufunguliwa, haikatwi. Baba aliwahi kumfukuza kijana chomboni kwa kukata kamba nzima kwa sababu fundo lilimshinda. Nilihisi kile kisu kimepita kwenye vidole vyangu.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Nikaenda nikakaa.

Sijui kama umewahi kukaa hatua ishirini kutoka kwenye kazi unayoiweza, ukatazama watu watano wakiikosea. Mama wa benki alikuwa na karatasi ya maelekezo, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Padri alivuta kamba kwa nguvu zote mpaka ufito ukavunjika. Binti alianza vilevile alivyoanza mwanzo, vibaya, na kamba ikateremka vilevile. Nikanyanyuka. Mzee, aliyekuwa upande wa pili akiongea na Kigogota, hata hakugeuka, aliinua kidole kimoja tu. Nikakaa. Nilinyanyuka mara nne jioni ile, na kidole kikainuka mara nne. Mpaka leo sijui aliniona vipi.

Walijenga, likaanguka. Wakajenga tena, wakaweka udongo, likaanguka na udongo wake. Jua likazama. Njiwa walikuwa wanakula, harufu ya vitunguu ikanifikia gogoni. Nilikuwa na kipande cha katani mfukoni, nikakishika nyuma ya mgongo nikawa nakifunga na kukifungua gizani, fundo hili, fundo lile, kama mtu anayevuta tasbihi.

Kisha binti akasema kitu ambacho mimi kisingenijia. Alisema, "Hebu tuache kwanza." Akaketi chini. Akamuuliza fundi cherehani, "Wewe mzigo wa vitambaa unaufungaje usifumuke kwenye basi?"

Fundi, ambaye kwa siku tatu alikuwa amesema labda maneno ishirini, akachukua kamba. Akaizungusha, akaipitisha chini, akaikanyaga kwa mguu, akaikaza kwa uzito wa mwili wake wote. Lilikuwa fundo la wapagazi, bovu kwa macho, halimo kwenye kitabu chochote cha skauti, na baba angelitemea mate. Lilishika. Akamfundisha Padri, Padri akamfundisha mama wa benki. Askari magereza akasema kumbe miguu ingechimbiwa chini zaidi kazi ya kamba ingepungua, na kweli ikapungua. Siku tatu nililala hema moja na yule fundi, sikuwa nimemuuliza hata anauza nini.

Jiko lilisimama kwa mwanga wa tochi mbili. Limeinama upande wa Kibera kama mlevi anayetafuta ukuta. Wakapanga mafiga upande wa juu ili sufuria ikae sawa, na mama wa benki akapewa kazi ya kulishikilia kwa mkono mmoja huku akikoroga kwa mwingine.

Tulikula saa tatu na nusu usiku. Nasema tulikula, ingawa mimi nililetewa. Maharagwe magumu katikati, ugali una moshi na madonge, sukumawiki nzuri tu. Padri aliomba sala ndefu, nadhani akimshukuru Mungu kwa kila ufito peke yake. Walikuwa wanacheka, Bundi wangu, wanacheka kwa sauti ya watu waliookoka ajali, na askari magereza akaiga namna Padri alivyovunja ule ufito. Sikuwa ndani ya kicheko kile. Nilikuwa zahanati.

Binti ndiye aliyeniletea sahani. "Pole na ugonjwa, Mwalimu," akasema, bila kejeli kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia samahani. Nikaanza kueleza: baba, majahazi, mazoea. Akanisikiliza akiwa amesimama, anapuliza vidole kwa baridi, mpaka nikaishiwa maneno.

Shanga zangu mbili nilizipata mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, maana baada ya kambi unarudi kwa vijana wako unafanya kazi nao, mkufunzi anakuja kukutazama, ndipo unavishwa. Watu hupiga picha siku hiyo, na mimi ninayo. Lakini nikiulizwa habari za Wood Badge sikumbuki sherehe ile. Nakumbuka nilipomaliza kula, nikaweka sahani chini, na binti akarudi na mabaki ya kamba ya katani na fito mbili fupi. Akaketi mwisho wa gogo langu.

"Sasa nifundishe lile lako," akasema. "Polepole. Na usinishike mkono."

Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Nikaanza kusema, na hapo nikagundua kwamba lile fundo sijawahi kulisema. Sikuwa na majina ya hatua zake. Nikasema izungushe, akauliza kwenda wapi. Nikasema kule, akauliza kule wapi. Nikasema kama unavyozungusha kanga kiunoni, akasema yeye ni mtu wa Nyeri. Akakosea. Akafungua. Mzee akapita na taa yake akienda kulala, akatuona, hakusimama. Tochi ya kwanza ikafa. Tulikuwa tumefika mara ya tisa au ya kumi pale kamba ilipokaa mahali pake, akaivuta, ufito ukalia kidogo, na haikuteremka. Akaitikisa. Akaifungua yote, akaanza tena mwanzo.