Daka la nyumba ya mawe: chokaa kwanza, rangi mwisho

Rangi ya daka, yaani ukumbi wa kuingilia nyumbani, ikivimba malengelenge na kumwaga unga mweupe juu ya baraza, usikimbilie duka la rangi. Tatizo limo ukutani, na mara nyingi liliingia na mfuko wa saruji.

Kuta za nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama zile za Lamu, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hunywa unyevu wa ardhini, kisha huutoa taratibu kupitia lipu. Saruji huziba njia hiyo. Maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakibeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu, huisukuma mpaka ibanduke pamoja na uso wa jiwe. Rangi ya plastiki ina madhara hayohayo. Hata kigae kilicholazwa juu ya zege sakafuni husukumia unyevu kwenye kuta, na watu humlaumu fundi rangi bure.

Kwa hiyo anza na maji. Tazama mifereji ya paa, bomba zinazovuja, na kichochoro kilichopandishwa kikapita kizingiti. Kisha gonga ukuta kwa konzi: palipo na uwazi nyuma ya lipu pataitika kama mtungi. Bandua lipu hiyo kwa patasi na nyundo ndogo, kwani mashine ya kutetemesha hulegeza mawe yaliyo mazima. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na izolewe. Ukiimwagia maji unairudisha ndani. Ukuta uachwe upumue wiki kadhaa, nje ya masika.

Chokaa ya mfuko iloweke angalau usiku mzima. Tope lililokaa miezi hufanya kazi vizuri zaidi. Anayezima chokaa mbichi, yaani ile iliyochomwa na bado haijaguswa na maji, aitie kwenye maji, asimwage maji juu yake, maana hulipuka na kuchoma. Glavu na miwani si hiari. Mchanga uwe wa shimo, wenye chembe kubwa na ndogo, uliooshwa. Wa pwani una chumvi, ndiyo hiyohiyo unayoikimbia.

Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Kwa kuta za mita 20 za mraba na lipu ya milimita 20, hesabu ndoo 20 za mchanga na 7 za tope la chokaa, kwa ndoo za lita 20, na uongeze kidogo kwa mashimo. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe, si kwa chokaa tupu, la sivyo patapasuka. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10, likwaruze, subiri ligande, ndipo upige la pili. Kwa siku kadhaa linyunyizie maji na uning'inize magunia mabichi mlangoni. Upepo wa kaskazi huikausha lipu kabla haijashika, na hapo hubaki unga.

Rangi nayo iwe chokaa: tope lililozimuliwa likawa jepesi kama maziwa, likachujwa kwa kitambaa. Paka mikono mitano myembamba juu ya ukuta uliolowa, siku moja kati ya mkono na mkono. Ikiwa mbichi haionekani, nao wasioijua huzidisha unene, ikikauka inapasuka. Ukitaka rangi ya udongo, poda isizidi sehemu 1 kwa 10 za chokaa, na ijaribu kwanza kwenye kona, kwani hupauka ikikauka.

Mlango wa nakshi usiguswe na mashine ya msasa wala vanishi. Nakshi ikilika hairudi. Vumbi litoe kwa brashi laini, kisha paka mafuta ya linsidi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na tapentaini, na baada ya robo saa futa yaliyobaki juu. Vifundo vya shaba visuguliwe kwa ndimu na chumvi, mbao ikikingwa kwa karatasi. Mjini Zanzibar, kabla ya kubadili mlango au baraza ya nje, pata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Na matambara ya mafuta yale yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa kwenye kona huweza kupata moto na kuwaka yenyewe, chini ya dari ya boriti.