Siku moja maishani mwangu: simu juu ya ngazi ya fundi rangi

Saa kumi na moja alfajiri. Mama ameshaipua chai kabla simu yangu haijalia. Anajua leo ni siku ya kurekodi, na neno lake ni lile lile: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ananiambia mimi, lakini anayekusudiwa ni binti yake wa miaka 16, ambaye bado anatafuta soksi.

Mimi ni fundi wa kufunga kamba za raketi za tenisi katika klabu moja hapa Nairobi, na mwanachama akikosa mwenzake namchezesha kwa malipo ya saa. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ile isiyonilisha ni kumtangaza mdogo wangu, huyo binti, kwa makocha wa vyuo vya Marekani. Jina lake silitaji hapa. Ikifika usiku mtaona sababu.

Saa kumi na mbili na nusu. Kiwanja ni cha udongo mwekundu, kimelowa umande, na wanachama hawaanzi kufika hadi saa mbili. Nimeazima ngazi ya fundi rangi. Simu naifunga juu kabisa, nyuma ya mstari wa mwisho, nimeilaza ubavu ili kiwanja kizima kiingie. Mwaka jana nilisimama kando ya neti, nikatia muziki, nikaondoa kila pointi aliyopoteza. Binamu zetu waliipenda mno. Makocha niliowatumia, kimya. Kocha wetu mzee wa klabuni aliitazama dakika moja tu akauliza, "Sasa huyu mtoto akishapiga anarudi vipi katikati?" Haikuonekana. Mimi nilikuwa nimerekodi mkono, wao wanatafuta miguu.

Kwa hiyo leo ni fohendi (pigo la kiganja), bekhendi (la mgongo wa mkono), voli kidogo (kabla mpira haujadunda), sevi ya kuanzishia pointi, ya kwanza na ya pili, kisha gemu nne nzima bila kukata, makosa yakiwemo. Sevi ya pili inamtesa. "Kaka, hiyo turudie." Nakataa. Chini ya video naandika: Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu nyepesi, mpira hukimbia kuliko ungekimbia Mombasa, na asiyejua hilo atadhani binti anapiga ovyo.

Saa mbili anavaa sare na kukimbilia matatu. Mimi naingia kwenye raketi. Tano hadi adhuhuri, mojawapo ya daktari anayetaka kamba zikazwe kama za mabingwa ilhali kiwiko kinamuuma. Nimemshauri, hasikii.

Saa saba na nusu nipo kwa mzee mwenye duka la rangi na misumari. Ndiye mdhamini wetu wa pekee: hulipa nauli na kamba. Leo ana wazo. Anataka binti apigwe picha kiwanjani, raketi mkono mmoja, debe la rangi mkono wa pili. Nimekunywa soda yote nikitafuta maneno ya heshima. Mwishowe tumekubaliana: fulana yenye jina la duka wakati wa mazoezi, picha mbili kwa mwezi, na kwenye mashindano nembo ndogo tu, maana sheria zinapima hata ukubwa wa nembo. Halafu nimempa karatasi ya mwezi: mechi alizocheza, alizoshinda, alizoshindwa, na kila shilingi ilikokwenda. Debe la rangi amelisahau papo hapo. Karatasi ameikunja vizuri akaitia mfukoni.

Saa tisa, barua pepe. Hapa ndipo mimi na Mama hugombana zaidi. Yeye humtaja mchezaji tenisi wetu Angella Okutoyi: je, alijitangaza? Si alishinda tu? Kweli alishinda. Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana ya Grand Slam, yale mashindano makubwa kabisa ya tenisi, kule Australia, na Julai mwaka huo huo akabeba taji la wasichana wawili wawili Wimbledon pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Kisha akaenda chuo cha Auburn, Alabama. Lakini mwenzetu alikuwa amesafirishwa na timu ya shirikisho la kimataifa, akachezea mahali ambapo makocha wamekaa wanatazama. Wetu anachezea nyuma ya ukuta wa mawe wenye michongoma juu. Kizuri hicho kitajiuza kwa nani, kwa bawabu?

Barua yenyewe ni fupi: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kumaliza shule, vipimo viwili vya kiwango cha mchezaji, yaani UTR na World Tennis Number (hiyo ya pili huanza 40 ikishuka hadi 1, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri), kiungo cha video, na sentensi moja ya kwa nini chuo hicho. Sentensi hiyo huiandika yeye mwenyewe. Niliwahi kunakili mimi, nikakisifia chuo kimoja kwa timu ya chuo kingine. Aibu yake bado ninayo.

Naibonyeza saa kumi na moja jioni, Alabama ikiwa saa tatu asubuhi. Makocha wa Division I, daraja la juu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, wanaweza kuisoma lakini hawaruhusiwi kujibu kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari. Ukimya wao si dharau. Ilinichukua miezi kulijua hilo.

Saa mbili usiku napandisha picha za asubuhi. Usiku, makusudi. Zamani nilikuwa natangaza: "Kesho saa kumi na mbili, kiwanja fulani, njooni!" Akaja mwanamume tusiyemjua, akaketi mazoezi yote, na jioni akamwandikia mtoto ujumbe akiisifia sketi yake. Tangu siku hiyo ukurasa uko kwa simu ya Mama, na picha hutoka tukiwa tumeshafika nyumbani.

Saa tatu, jibu! Chuo kidogo cha NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ambako sheria ile ya Juni haipo. Mistari miwili: kocha ameipenda miguu ya binti, na anaomba mechi nzima aliyoshindwa.

"Ile ya Agosti?" Mdogo wangu amejifunika uso kwa mto. "Kaka, hapana. Nilivunja raketi!"

Mama amecheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kibaya hicho, si kitembee."

Faili ni kubwa na bando linakaribia kuisha. Imefika asilimia 14.